Jiwe Ulilonipa Mkononi

Mpendwa mama mkwe,

Jumamosi iliyopita nilishuka tena bondeni, kwenye bwawa la Mzee Kakule, nikatupa ndoano penye visiki. Ndiyo, mama, penye visiki, pale ulipokuwa ukinionyesha kwa kidevu nami nikijifanya naangalia ndege. Kahindo, binti yako, alikuwa pembeni yangu, ni shahidi. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kabla habari haijafika kwa wengine, kwa sababu kilichotokea ni chako kuliko changu. Lakini unamjua mkwe wako: mtu wa duka hawezi kukukabidhi bidhaa kabla hajaisemea maneno. Nivumilie, nitafika.

Nianze na siku uliyofika kwetu, mtaa wa Mususa, hapa Butembo. Kule Beni, katika mtaa wenu wa Beu, watu walikuwa wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia mashambulizi, na mwanao akaona afadhali uje kukaa kwa dada yake mpaka hali itulie. Ulishuka kwenye pikipiki ukiwa na mfuko mmoja, rozari shingoni, na kitenge ambacho pindo lake lilikuwa na fundo dogo, gumu. Nilidhani ni pesa. Kila mama wa kwetu anafunga pesa pale, na mimi nikasema moyoni, huyu mama kaja na akiba yake, hatatuelemea. Unaona jinsi akili ya duka inavyofanya kazi, hata mbele ya mgeni mwenye vumbi la barabara machoni.

Kahindo alikukumbatia, akalia. Mimi nilisimama nyuma kidogo, nikainamisha kichwa, nikakuamkia bila kutoa mkono. Ndivyo tulivyofundishwa wote wawili. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hapokei kitu kutoka kiganjani mwake, haketi naye benchi moja wala hamegi naye sahani moja. Wako wanaoilegeza desturi hiyo siku hizi, hasa mjini, lakini wewe hukuilegeza hata unyuzi. Ukitaka kunipa chumvi, uliiweka mezani, ukageuza uso, nami nikaichukua. Ukitaka kuniambia neno, ulimwambia Kahindo nikiwa nimesimama hapohapo, naye akanigeukia na kulirudia kama mkalimani wa mahubiri. Watoto walicheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini si sana.

Nikuambie sasa jambo ambalo sikuwahi kukuambia, hata kupitia kwa Kahindo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Mashangazi walinilea vizuri, sina lawama, lakini shangazi ana watoto wake na jioni kila mtoto anajua pa kulaza kichwa. Nilipooa nilijiambia kwamba sasa nami nimepata mama. Kisha nikagundua kwamba mama niliyempata ni wa kuwekeana vitu mezani. Nilikuheshimu, nawe ukaniheshimu, na heshima yetu ilikuwa safi kama kioo cha dirisha: naona ndani, lakini siingii. Hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Wiki zile za kwanza ulikaa nyuma ya nyumba, umeuelekea ukuta. Baridi ya Butembo ilikuingia mifupani. Ulimega obundu, ugali wetu wa muhogo, mara chache ukanawa mkono, mboga ya sombe ikabaki sahanini. Kahindo alikuja dukani katikati ya wateja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama anaisha, Baba Masika. Anaisha sawa sabuni." Nami nilikuwa nauza cheni ya pikipiki kwa mtu, nikampa mtu yule cheni isiyo yake, akarudi jioni na maneno makali.

Halafu siku moja ulimuuliza binti yako, "Hapa kwenu, maji iko wapi?" Kahindo akanifikishia swali. Mimi nikafunga duka, nikazijaza bidoni kwa jirani mwenye bomba, nikazibeba mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba chako, nikaziweka chini kwa adabu zote. Uliziangalia zile bidoni, ukamwangalia Kahindo, ukasema kwa upole kwamba maji ya kuoga unayo. Ulikuwa unauliza maji ya kutazama. Wewe mtoto wa Kyavinyonge, uliyekua ukilisikia ziwa kila asubuhi kabla hujafumbua macho, umeletwa kwenye mji wa vilima na udongo mwekundu ambako mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kuona maji mapana kuliko beseni la kufulia. Na mimi nakuletea bidoni.

Ndipo nikakumbuka bwawa la Mzee Kakule. Unalijua kuliko mimi, lakini nalitaja kwa ajili ya atakayesoma barua hii baada yetu. Alizuia kijito bondeni, chini ya mikaratusi, maji yakapanda na kufunika sehemu aliyokuwa amekata miti. Visiki vikabaki humo chini, upande wa ukuta wa zamani. Siku za Jumamosi anawaachia watu wavue kwa ndoano, kila mmoja amwachie sehemu ya alichopata. Nilipokwambia, kupitia kwa mkalimani wetu, kwamba Jumamosi tutakwenda kuvua, uligeuka, ukaupa ukuta mgongo. Na jioni ile ulimaliza sahani.

Nilijitayarisha kama mtu anayekwenda Kampala kuleta mzigo. Nilikata mianzi, nikanunua uzi wa nailoni na ndoano, halafu nikafika kwa yule mama wa sokoni anayeuza nyavu, nikaulizia plomb, vile vipande vya risasi vinavyozamisha ndoano. Akanisogezea beseni, vikubwa na vidogo vimechanganyika, akasema zote bei moja, chagua mwenyewe.

Mama, mimi nimezaliwa Butembo. Ukiniambia vitu vyote ni bei moja, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kizito. Ndivyo tunavyonunua kabichi, ndivyo tunavyonunua sabuni. Nililichimba lile beseni mpaka chini, nikatoka na plomb nene kama vidole gumba vya fundi seremala. Muuzaji alitabasamu, nami nikadhani anaficha uchungu wa hasara. Nyumbani nilimwekea Kahindo moja kiganjani ili aone mwenyewe jinsi mumewe anavyojua kununua. Aliipima, akasema ni nzito kweli. Wewe uliitazama kwa mbali ukakohoa.

Siku ile bondeni uliketi upande mmoja wa jiwe bapa la ukingoni, mimi upande wa pili, Kahindo katikati nyuma yetu, kila mtu mahali pake pa desturi. Nikatupa. Plomb iliangukia majini kama mbuzi aliyeteleza darajani. Ikaenda moja kwa moja kwenye tope, ikazama humo pamoja na chambo, na minyoo yangu mizuri ikazikwa ikiwa hai. Nikavuta, haiji. Nikavuta kwa nguvu, uzi ukakatika, plomb na ndoano vyote kwaheri. Basi nikafunga nyingine iliyo nzito zaidi, maana nilifikiri kosa ni uzito kutotosha.

Hapo ndipo ulipocheka. Ulianza kwa mabega, ukaziba mdomo kwa kitenge, kisha ukashindwa. Kahindo aliacha kutia chambo akakutazama, na nikaona machozi yanamshuka, kwa sababu tangu ufike kwetu hatukuwa tumekusikia ukicheka. Ulipopata pumzi ulimwambia, macho yako yakiwa majini:

"Mama Masika, uambie bwana yako, hapa hapana soko ya kahawa. Samaki hapana kununua kwa kilo."

Kahindo akanigeukia anirudie, akashindwa kwa kicheko. Sikuhitaji kurudiwa. Nilipoteza plomb zangu zote siku ile na nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mususa nzima.

Asubuhi ya Jumatatu ukatuma neno kwamba unataka takataka za duka langu la vipuri. Nilileta lile debe ambalo fundi jirani na mimi tunatupia vyuma vilivyochoka, ukalimwaga chini kwenye gunia, ukaketi mbele yake kama mama anayechambua maharagwe. Nilikuwa nafungua duka, lakini nilikawia mlangoni ili nikuone. Kila kipande ulikilaza juu ya vidole viwili, ukafumba macho kidogo, kisha ukakiweka kulia au kushoto. Ekru ndogo, zile nati za boliti, ulizikusanya kwa wingi. Hizo ni za maji yaliyotulia, ulisema, zinamshusha mnyoo bila kumzika. Buji zilizoungua, zile za kuwashia injini ambazo mimi nilikuwa naziuza chakavu kwa kilo, uliziweka kwa ajili ya mdomo wa kijito, penye mkondo, kwa kuwa ni ndefu na laini na zinateleza katikati ya mawe. Ulipofikia rulema kubwa, beringi ya gurudumu, uliitazama muda, ukaisukuma mbali.

"Hii ni ya kuzamisha mutu," ukasema.

Ndipo ulipomsimulia Kahindo, nami nikiwa nasikia, habari za baba yako. Alikuwa na uzi mrefu wenye ndoano nyingi, akiingia nao ziwani kwa mtumbwi. Wasichana hawakupanda mtumbwini. Kazi yenu ilikuwa pwani ya ziwa, kuchagua mawe na kuyafunga. Si kila jiwe. Mlitafuta jiwe lenye kiuno, ili kamba ishike bila kuchomoka, na jiwe ambalo mtoto anaweza kulibeba bila kubadilisha mkono. Baba yako hakununua risasi hata siku moja. Alisema ziwa litaichukua tu, hivyo afadhali ulirudishie lile ambalo tayari ni lake. Ulisimulia hayo yote huku vidole vyako vimeshika pindo la kitenge, pale penye fundo, na mimi bado nilidhani ni pesa.

Kuna siku nyingine ambayo huenda uliisahau, mimi siwezi. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo cha risasi, nikakipasua kwa kisu, nikauweka uzi katikati, nikakitia mdomoni ili nikifunge kwa meno. Kila mvuvi wa Jumamosi nimemwona akifanya hivyo. Sikuwa nimebana bado niliposikia sauti yako, na haikupitia kwa mkalimani:

"Baba Masika. Meno yako iko koleo? Risasi hapana kitu ya kutia mu kinywa. Tema."

Nikatema. Kahindo aligeuka kutuangalia kama aliyeona kuku ameota jino. Wewe mwenyewe ulishtuka, ukageukia maji, ukaanza kurekebisha ndoano ambayo haikuwa na shida. Mama, yale yalikuwa maneno yako ya kwanza kwangu uso kwa uso, nayo yalikuwa karipio. Nilikaa pale na ladha ya chuma ulimini, nikiwa na furaha ambayo nilishindwa kuificha. Nilikuwa baba wa watoto wanne na hakuna mwanamke aliyewahi kuniambia tema.

Baada ya hapo ulinifundisha mengi, ingawa ulirudi kwa mkalimani wako. Ulinifundisha uzi dhaifu. Ulichomoa unyuzi mmoja kwenye gunia la sukari, ukafungia ekru kwa unyuzi huo pembeni ya nailoni, badala ya kuifunga kwenye nailoni yenyewe. Ulifanya polepole ili nione, ukaviacha juu ya jiwe bapa, ukageuza uso, nami nikavichukua nikaviiga. Chuma kikinaswa kwenye jiwe au mzizi, unyuzi wa gunia unakatika wenyewe, ndoano inabaki, na samaki kama yupo anabaki. Atakayekwama akwame peke yake, ulisema, asivute na wengine. Nilicheka nikasema hiyo ni sheria nzuri hata ya biashara, ukamwambia Kahindo kwamba mumewe ataingia na duka hadi mbinguni.

Lakini somo moja sikulishika. Wewe ulitupa penye visiki, kila mara, na kila mara ulipoteza ekru, na mara nyingi ulitoa samaki. Mimi nilitupa penye maji meupe, mbali na kila kisiki, nikatoka na ekru zangu zote na samaki wadogo ambao Mzee Kakule aliniomba niwarudishe wakakue. Ekru zenyewe ni takataka, hilo nalijua. Lakini nikishafunga kitu kwa mkono wangu kinakuwa mali. Ulivumilia muda mrefu. Halafu siku moja, nilipokuwa nahesabu ekru zangu zilizorudi salama, ukasema kwa hewa, si kwa Kahindo wala kwangu:

"Plomb yenye unaogopa kupoteza, hautaitupa fasi samaki iko."

Nikaitikia ndiyo, mama, nitatupa mahali samaki walipo. Kisha nikatupa penye maji meupe.

Mwanao akapiga simu kwamba Beu imetulia kidogo, na wajukuu zako wa kule wanakulilia. Kahindo alitaka ukatae. Wewe ulisema nyumba ya mtu ni nyumba yake hata ikiwa na nyufa. Siku moja kabla ya safari uliomba tushuke bondeni, na hatukuvua sana siku ile, tulikaa tu. Kahindo alikwenda kumuaga Mzee Kakule kwa niaba yako. Tukabaki wawili, na jiwe bapa katikati yetu, na mimi nikawa sijui niweke wapi macho.

Ukafungua fundo. Sikuwa nimewahi kukuona ukilifungua. Hapakuwa na pesa ndani. Palikuwa na jiwe la kijivu, dogo kuliko yai la kuku, lenye kiuno katikati, na kiuno hicho kimelainishwa na kamba mpaka kinang'aa. Nililijua kabla hujasema kwamba limetoka kwenye uzi wa baba yako. Nilingoja uliweke juu ya jiwe bapa. Niligeuza hata uso wangu, kama inavyopasa.

"Hapana," ukasema. "Leo hapana ku jiwe. Leta mukono."

Nikaleta mkono. Ulinilazia jiwe kiganjani, na vidole vyako vikakifunga kiganja changu juu yake, vikavu, vya baridi, vikabaki hapo muda ambao mtu anahitaji kusema Salamu Maria. Sijui kama uliisema. Kisha ukaniambia, ukinitazama:

"Ni ya kutupa, mutoto wangu. Hapana ya kuweka."

Kahindo alipanda kutoka kwa Mzee Kakule akatukuta kila mmoja mahali pake pa desturi. Sikumwambia mpaka ulipokwisha kuondoka.

Ulifariki mvua zilipokuwa zimeanza, katika nyumba yako, kitandani mwako, wanao wakiwa karibu. Katika nchi yetu hiyo ni neema, na tulishukuru. Tulikuja Beu kwa pikipiki, Kahindo na mimi, tukilowa. Kaburini nilisimama upande wa wakwe, mbali kidogo, inavyopasa, na mkono mmoja mfukoni. Wazee walinitazama vibaya kwa sababu ya huo mkono. Hawakujua umeshika nini.

Sasa nikuambie nililolifanya na jiwe lako, na usicheke kabla sijamaliza. Nililiweka dukani, kwenye meza, juu ya kitambaa. Nilisema ni ili nilione kila siku. Lakini Butembo, kitu kilichokaa juu ya meza ya duka kina bei. Watu walianza kuuliza. Kuna mteja mmoja, mtu wa Kamango anayekuja kuchukua matairi, aliyelitaka kwa dhati. Alisema lina umbo zuri, litamfaa kukandamizia karatasi. Nikamwambia halina bei. Yeye akafikiri hapo ndipo ninapoanzia kupatana bei. Akataja bei, nikakataa, akaongeza, nikakataa, akaniambia mimi ni mtu mgumu, akaongeza tena. Kahindo alikuwa amekaa nyuma ya rafu akisikia yote. Mteja alipoondoka, alikuja akalichukua lile jiwe, akaketi nalo pajani.

Ndipo aliponiambia kwamba alikuwa amenikasirikia. Muda wote ule, mama, tangu nilipomwonyesha. Alilijua jiwe hilo tangu utotoni. Aliwahi kukuomba ukamwambia bado. Halafu ukampa mume wake, mtu wa kuja, asiyejua hata kutofautisha tope na mchanga. Nikamwambia ni lake, alichukue, sina haki nalo. Nilisema kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe ulikuwa unakataa. Alikipitisha kidole chake katika kiuno cha jiwe, huku na huku.

"Miye angenipatia, ningeifunga tena mu kitenge," akasema. "Ningekufa nayo. Mama alijua. Alikupatia weye sababu weye unaogopa kupoteza, na alitaka uache kuogopa."

Akaninyooshea jiwe. Nilifikiri ataliweka mezani. Akalitia kiganjani mwangu.

Kwa hiyo Jumamosi tukashuka. Kahindo mwenyewe ndiye aliyechomoa unyuzi kwenye gunia. Niliufunga kwenye kiuno cha jiwe, na nakuambia, baba yako alijua kuchagua, maana kamba ilikaa yenyewe kama mshipi. Nikasimama upande wako wa jiwe bapa. Nikatupa penye visiki, karibu na ukuta wa zamani, na jiwe liliingia majini kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayefunga mlango ili asiamshe mtoto.

Tulingoja. Mzee Kakule alipita, akaona ninapovua, akasimama akavua kofia akajikuna kichwa, akaenda zake. Kisha uzi ukatikisika, ukalegea, ukakaza. Nikavuta, nikasikia kwamba vitu viwili vimeshika: kimoja kinapigana, na kingine kimetulia, kimenaswa chini ya kisiki, hakiji. Nilijua ni kipi. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja, mama. Nilikuwa naingia kwenye maji yale baridi kulifuata.

"Vuta," Kahindo akasema.

Nikavuta. Unyuzi wa gunia ukakatika. Niliusikia mpaka kwenye kiwiko, kitu kidogo tu, halafu mkono wangu ukawa mwepesi upande mmoja na mzito upande mwingine, na kambale akapanda juu akiwa na masharubu yake, mkubwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumtoa mahali popote, amekasirika kabisa. Kahindo alimrukia kwa kitenge. Aliteleza, akaketi matopeni, hakumwachia. Akacheka kwa mabega kwanza, kisha akaziba mdomo, kisha akashindwa, na nikakuona wewe.

Mzee Kakule alipewa sehemu yake. Yetu tuliipika kwa nyanya na vitunguu, mafuta kidogo, ulivyopenda, na obundu iliisha kabla ya mchuzi. Masika, mtoto wetu, aliuliza jiwe la bibi yake liko wapi, mama yake akamjibu kwamba liko kazini. Nilikaa mlangoni baada ya kula. Nilingoja uchungu uje, maana nilikuwa nimeuandalia kiti, na haukuja. Nilikuwa nimeshiba tu. Dukani kitambaa kimebaki mezani, nimeweka juu yake debe la ekru, na mtu akiuliza bei namwambia achukue bure kama anakwenda kuvua.

Wasingya, asante, mama. Kwa karipio, kwa unyuzi wa gunia, kwa siku uliyosema leta mkono. Pumzika kwa amani huko uliko, na kama kuna maji ya kutazama, keti upande wowote unaotaka. Mimi nikifika sitangoja uweke kitu chini.

Ni mimi, mtoto wako,
Baba Masika